Okidi Inayolika: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kuchavusha na Kupikia Vanila Nyumbani Malindi

Ukiingia msitu wa Arabuko-Sokoke asubuhi na mapema ukainua macho kwenye panda za miti mikubwa, utaiona okidi iitwayo Ansellia africana: fungu la mashina ya manjano limekaa juu ya tawi kama kiota, na maua yake yana madoadoa ya chui. Wageni ninaowapeleka huko, hasa wale wapendao kupika, hawaishi kuniuliza kama inaliwa. Hiyo ya Sokoke iache hapo ilipo. Lakini swali lenyewe si la kipuuzi, maana ziko okidi ambazo watu wamezila tangu zamani.

Zambia kuna chakula kiitwacho chikanda. Viazi vidogo vya okidi za mbugani hukaushwa, husagwa, kisha hupikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi mpaka vishikane viwe kitu kizito cha kukatwa vipande. Viazi hivyo vimechimbwa sana hata upande wa Tanzania, nyanda za juu kusini, na kuvushwa mpakani. Ni huko huko kwenye uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ambako serikali ilitangaza hifadhi ya taifa mwaka 2005. Uturuki nako husaga viazi vya okidi wakapata unga wa salepi. Ndio unaoifanya aiskrimu yao ivutike kama ulimbo, na ndio uliompa Mwarabu kinywaji chake cha sahlab. (Pakiti nyingi za sahlab za siku hizi ni wanga wa mahindi na manukato tu, kwa hiyo usijivune sana ukiinywa.)

Ubaya wa vyakula hivi ni mmoja. Kiazi kikitoka ardhini, mmea umekwisha. Ndiyo sababu mimi humrudisha mpishi kwa okidi ya tatu, ile tunayokula tunda lake na shina likabaki: vanila. Naam, vanila ni okidi. Na inaota Malindi, mradi ujue unaidai nini nayo inakudai nini.

Mche wa kweli na mche wa porini

Vanila ya jikoni ni Vanilla planifolia, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, upande huu wa dunia hapakuwa na mtu aliyewahi kuionja. Majani yake ni mazito, marefu, ya kung'aa. Pwani yetu ina vanila yake ya porini, Vanilla roscheri, nayo utaitambua upesi kwa sababu haina majani: ni shina nene la kijani linalotambaa juu ya vichaka, wakati mwingine hadi karibu na mikoko, na maua yake ni meupe. Nzuri kuitazama, lakini si hii ya jikoni. Mtu akikuletea shina lisilo na majani akakwambia ni vanila, ujue limetoka msituni, usilinunue. Okidi zote za porini ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hata kama zisingekuwa, hilo shina halitakupa ulitakalo.

Vanila haipandwi kwa mbegu. Tafuta kipande cha shina chenye urefu wa kama mita moja na vifundo nane hadi kumi na viwili, kutoka kwa mtu mwenye mmea wenye afya. Ng'oa kwa mkono majani matatu au manne ya chini, kisha kitundike kipande kivulini wiki moja hadi mbili. Kitanywea kidogo. Kiache kinywee, kwa sababu majeraha lazima yakauke kabla hayajagusa udongo, la sivyo uozo utaingilia hapo. Utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine vibaya sana. Paka mikono mafuta ya nazi au vaa glavu.

Mti wa kuegemea uje kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaleta vanila nyumbani kisha ndipo wanaanza kuitafutia mti. Panda mti wa gilirisidia (Gliricidia sepium) masika moja kabla. Fimbo yake ukiichomeka ardhini mvua zikianza inashika, inakua upesi, na ukiikata matawi haisikii. Ukiwa na mwembe uani pia inawezekana, ila mwembe hutia kiza mno, na tawi la juu kabisa utalifikiaje siku ya maua?

Kivuli kinachotakiwa ni nusu kwa nusu. Njia yangu ya kupima ni kutandika kanga chini saa sita mchana: jua na kivuli vikigawana nguo sawasawa, hapo pazuri. Kama jua limezidi, tengeneza paa la makuti yaliyoachana, au tumia neti ya kivuli. Jua kali la Januari huunguza jani la vanila likageuka manjano kama limemwagiwa maji ya moto.

Udongo wetu na chumvi yetu

Sehemu kubwa ya Malindi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Vanila haipendi hivyo. Usichimbe shimo; jenga tuta. Zungushia mawe kwenye shina la gilirisidia, kisha jaza majani yaliyooza, samadi ya zamani isiyo na moto tena, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Mizizi ya vanila hutambaa juu juu tu, kwa hiyo tuta la urefu wa kiganja na nusu linatosha.

Mara yangu ya kwanza nilijiona mjanja. Nilipata usumba wa bure kutoka kwa mzee mmoja wa kusokota kamba, nikautandaza wote kwenye tuta. Nilisahau kwamba makumbi ya kamba huzikwa kwenye tope la bahari kwa miezi. Majani yalianza kuungua pembeni, kisha nchani, na miche minne kati ya sita ikafa kabla sijaelewa nilikuwa nailisha chumvi. Tumia makumbi makavu ya nazi za jikoni. Kama ni ya baharini, yaloweke kwenye maji matamu na kuyamwaga maji hayo mara tatu au nne kwanza.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Yaonje ya kisimani kabla ya kumwagia. Ukisikia chumvi ulimini, mmea nao utaisikia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ndiyo bora. Vanila hupenda mvua ya milimita 1500 na zaidi kwa mwaka, na Malindi hupata kama 1000, tena nyingi kati ya Aprili na Juni. Pengo hilo ni lako na ndoo yako. Mwagia mara mbili tatu kwa wiki wakati wa ukavu, kidogo kidogo, tuta liwe na unyevu lakini lisitote. Mmea unaokaa kwenye tope huoza mizizi kwa ukungu wa fuzari, na huo ukishaingia hauna dawa ya kusifia.

Sasa panda. Laza sehemu ya chini ya kipande juu ya tuta, vifundo viwili au vitatu, uifunike kwa majani makavu tu, na ile ncha iliyokatwa iache nje hewani. Sehemu iliyobaki isimamishe kwenye mti na uifunge kwa kamba ya mgomba. Usitumie waya, wala nailoni iliyokaza. Baada ya wiki kadhaa mizizi ya hewani itaushika mti yenyewe.

Miaka ya kungoja, na hila ya kuukunja

Maua huja mwaka wa tatu. Katikati hapo kazi yako ni kuongeza majani makavu kwenye tuta na kuuzuia mmea usikukimbie. Ukiachwa utapanda mpaka kileleni, nao hautoi maua ya maana ukiwa bado unapanda. Ukifika kimo cha mkono wako ulioinuliwa, uteremshe taratibu, uupitishe juu ya panda ya mti, uning'inie kuelekea chini. Shina likigusa tuta, lifunike kidogo pale linapogusa litie mizizi mipya, kisha lielekeze juu tena.

Maua hutoka kwenye sehemu inayoning'inia. Kuyaita, mmea lazima uone shida kidogo. Kaskazi ikishakolea, kata ncha ya shina linaloning'inia, sentimita kumi hadi kumi na tano, na upunguze maji kwa wiki sita hadi nane. Usiukaushe mpaka majani yakunjamane. Mnyime tu anasa. Mmea uliotaabika hivyo, ukipata mvua za mwanzo, mara nyingi hutoa mashada ya vitumba kwenye makwapa ya majani. Uganda, kwa kuwa wana vipindi viwili vya ukavu kwa mwaka, huvuna mara mbili.

Asubuhi ya ua

Ua moja la vanila hufunguka alfajiri, hufa mchana siku hiyo hiyo. Halirudi. Shada moja linaweza kuwa na vitumba kumi na tano hadi ishirini, lakini hufunguka moja moja, wakati mwingine mawili, kila siku. Kwa hiyo kwa muda wa wiki tatu nne hivi utaamka, uswali, uende kwenye vanila kabla ya chai.

Kwao Mexico wako nyuki na wadudu wa kuifanya kazi hiyo. Huku kwetu hakuna, na ndani ya ua kuna kipazia chembamba kinachotenganisha chavua na sehemu yenye utelezi inayopaswa kuipokea. Zaidi ya miaka mia tatu ilipita baada ya Wahispania kuichukua vanila, na bado Wazungu walipoipanda kwenye makoloni yao ya mbali ilimea majani bila maganda. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Liège, alifaulu kuichavusha kwa mkono, lakini njia iliyoenea duniani ilitoka kwenye bahari yetu hii. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond aligundua namna ya kufanya kwa kijiti na kidole gumba, kwa sekunde chache. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848 akapewa jina la ukoo Albius. Kisiwa kilitajirika kwa vanila. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Kila ganda linalochavushwa kwa mkono leo, Madagascar, Uganda au uani kwako, linafuata kidole chake.

Chombo chako ni chelewa. Ichomoe kwenye ukuti, ichonge ncha iwe laini bila kuwa kali, urefu wa kidole.

Kwanza, lishike ua kwa nyuma na mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa huru upande wa mbele. Pili, kwa chelewa lichane lile jani la ua lililojikunja kama faneli, kuanzia juu kwenda chini, ulifungue uone ndani. Utaona nguzo ndogo nyeupe. Juu yake kuna kifuniko kilichobeba chavua ya manjano, chini kidogo kuna kile kipazia. Tatu, ingiza ncha ya chelewa chini ya kipazia ukiinue juu, kielekee kwenye kifuniko. Nne, kwa kidole gumba cha kushoto sukuma kifuniko cha chavua kishuke, chavua iguse ule utelezi ulioufunua. Bonyeza kidogo, chomoa chelewa, umemaliza.

Utaharibu maua matano ya mwanzo. La sita litakubali. Ukitaka kujua kama umefaulu, rudi kesho yake au keshokutwa: ua lililochavushwa hunyauka likabaki limeshika kwenye kikonyo chake, lililokosa huanguka. Fanya kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Niliwahi kuchelewa harusini, nikafika kwenye shada saa saba mchana, nikabonyeza maua saba yaliyokwisha kulegea. Yote saba yalidondoka.

Usichavushe kila ua. Kwa mmea mchanga acha maganda matano au sita kwa shada, mkubwa nane hadi kumi, na uchague maua ya upande wa chini ili maganda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Ukiwa na tamaa ya yote utapata vidole vyembamba visivyo na harufu, na mwaka unaofuata mmea utakuwa hoi.

Kuvuna

Ganda hufikia urefu wake ndani ya wiki sita au nane, halafu hukaa tu, kijani, miezi mingine. Ni hapo watu wanapoponzwa. Kuiva huchukua miezi minane hadi tisa. Dalili ni ncha ya chini kugeuka manjano. Hapo lichume hilo moja, mengine uyangoje. Ukichuma mapema hutapata harufu hata ukausheje. Ukichelewa, ganda linapasuka. Andika tarehe ya kila shada kwenye kipande cha karatasi ya plastiki ukifunge hapo. Madagascar wakulima wengine huyatoboa maganda mabichi alama zao kwa sindano ili mwizi akionekana nayo sokoni ajulikane. Uani kwako ukuta utatosha, nadhani.

Maua yakitoka Aprili, kuvuna kutaangukia Desemba au Januari, na jua la kaskazi ndilo utakalolihitaji.

Kukausha: hapa ndipo harufu inapozaliwa

Ganda bichi halinukii kitu. Harufu huamshwa kwa joto, jasho na subira, kwa hatua nne.

Ya kwanza ni maji ya moto, nyuzi joto 63 hadi 65, kwa dakika tatu. Kipimajoto ni bora. Usipokuwa nacho, chemsha maji yatokote kabisa, kisha uyachanganye na maji ya kawaida ya mtungini kiasi kile kile, kikombe kwa kikombe: maji yetu ya nyuzi 28 ukiyagawanya nusu kwa nusu na yanayochemka unapata kama 64. Tumia sufuria kubwa na maganda machache, maana maganda nayo hupoza maji. Yakitokota na maganda ndani, umepika mboga.

Ya pili, yatoe, yapanguse, uyafunge yangali ya moto kwenye blanketi la sufu, kisha uyatie ndani ya sanduku lile la wachuuzi wa samaki la kuwekea barafu. Lisugue kwa sabuni na limau mpaka usahau samaki. Vanila hunyonya kila harufu iliyo jirani. Funika siku moja hadi mbili. Ukifungua utakuta yamegeuka rangi ya chokoleti na yanatoka jasho.

Ya tatu ni jua. Kila siku yatandaze juu ya blanketi jeusi kwa saa moja au mbili, mpaka yawe ya moto kuyashika, kisha uyafunge na kuyarudisha sandukuni yalale na joto lake. Fanya hivyo wiki moja hadi mbili. Siku ya mawingu usiyatoe, na upepo wa baharini ukiwa na unyevu jioni, uwe umeshafunga.

Ya nne ndiyo ndefu. Yapange kwenye ungo au wavu, chumba chenye hewa, kivulini, mwezi mmoja hadi mitatu. Malindi ina unyevu, kwa hiyo adui ni ukungu. Kagua kila siku mbili tatu. Lililoota ukungu litupe lote, usikate kipande ukabakiza. Ganda limekuwa tayari likiwa jeusi, lina mafuta, na unaweza kulizungusha kidoleni kama pete bila kuvunjika. Kisha lifunge kwenye karatasi ya kuokea, ulitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, lipumzike miezi mitatu. Kilo tano au sita mbichi hukupa kilo moja kavu, basi usishangae chupa ikionekana tupu.

Jikoni, mbele ya iliki

Jiko la Mswahili lina mfalme wake wa vitamu, naye ni iliki. Vanila ni mgeni. Iingie kwa adabu. Ukiweka zote mbili kwa nguvu sawa, zinagombana na mlaji hasikii yoyote. Kwenye mahamri mimi sitii vanila kabisa. Kwenye mkate wa mayai, faluda na vyakula vya tui, naitia, nikipunguza iliki nusu.

Kuhifadhi kwa wengi wetu ni suala la dini pia, kwa kuwa vanila ya chupa asilia hutengenezwa kwa pombe. Njia mbadala ni gliserini ya mimea, ile ya kuliwa. Pasua maganda saba au manane, kama gramu 25, yakatekate, yatie kwenye chupa. Mimina mililita 190 za gliserini na 60 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka chupa kabatini gizani, uitikise kila unapokumbuka, kwa miezi mitatu hadi sita. Kijiko cha chai kimoja kinatosha keki nzima. Rahisi zaidi ni sukari: maganda mawili yaliyopasuliwa ndani ya nusu kilo, wiki tatu, tayari kwa chai ya maziwa au shira ya kaimati.

Ila kama una ganda lako la kwanza na unataka kujua kazi yote hii ilikuwa ya nini, pika ndizi mbivu za tui. Chukua ndizi sita zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, uzimenye na kuzikata mara mbili kwa urefu. Zikune nazi mbili. Kamua tui zito uliweke kando, na tui jepesi vikombe viwili. Bandika ndizi na tui jepesi, sukari vijiko vitatu, chumvi kidogo sana, na iliki mbili tu zilizopondwa. Zikilainika, pasua ganda la vanila kwa urefu, ukwangue mbegu zake nyeusi kwa ncha ya kisu, uzikoroge kwenye tui zito pamoja na ganda lenyewe. Mimina juu ya ndizi, punguza moto, tikisa sufuria badala ya kukoroga, na uipue kabla tui halijatokota, maana likitokota litakatika na harufu itapaa na mvuke. Funika dakika kumi kabla ya kupakua.

Lile ganda ulilopikia usilitupe. Lisuuze kwa maji, likaushe juani siku nzima, ulitumbukize kwenye kopo la sukari.